Milimita Saba za Usukani

Anayeendesha pikipiki ya enduro kwenye njia mbaya husimama. Mawe yakianza, au mchanga, au korongo lililochimbwa na mvua, makalio huacha kiti, magoti hulegea, kiuno hukunjika na uzito wa mwili hushukia vikanyagio. Mikono hapo haina kazi ya kumbeba mtu. Kazi yake ni kuelekeza, kukamata klachi na kupima breki. Lakini watazame waendeshaji wengi wanaporudi kutoka safari ndefu: mabega yamewapanda hadi masikioni, misuli ya chini ya kiwiko imekaza, vidole vimekufa ganzi. Wenzao huwaambia wakafanye mazoezi. Fundi anayeujua usukani haanzii huko. Hutazama kwanza kama pikipiki imepangwa imfuate mtu, au mtu ndiye aliyejikunja kuifuata pikipiki.

Kati ya kazi zote za gereji, hii ya kuupanga usukani ndiyo ninayopenda kuitazama kuliko nyingine. Injini ikifunguliwa kila mpita njia husimama kuangalia. Usukani ukisogezwa hakuna anayegeuza shingo, kwa sababu hakuna mlio, hakuna moshi, na pikipiki ikimaliza kutengenezwa inaonekana vilevile ilivyokuja. Kipimo cha kazi ni milimita, na anayeweza kutoa ushahidi kwamba imefanywa vizuri ni mtu mwingine, tena saa nne baadaye, akiwa mbali na gereji.

Kiwanda hutengeneza pikipiki kwa ajili ya mtu wa wastani, na viwanda vizuri vinajua kwamba mtu huyo hayupo. Ndiyo maana KTM, kwenye pikipiki zake za enduro, huweka matundu mawili kila upande wa bamba la juu linaloshika shokapu za mbele, yakiwa yameachana milimita 15. Guu la klampu inayoshika usukani, linalofungwa kwenye tundu mojawapo, nalo halikutobolewa katikati. Tundu lake limekaa pembeni kwa milimita 3.5. Ukiligeuza guu, mbele likawa nyuma, usukani unasogea. Matundu mawili na namna mbili za kuliweka guu zinakupa nafasi nne. Piga hesabu utaona uzuri wake: kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili ni milimita 7, ya pili hadi ya tatu ni 8, ya tatu hadi ya nne ni 7. Jumla ni milimita 22, bila kununua hata bolti moja. Yamaha na Honda nazo zina mipango ya namna hiyo kwenye pikipiki zao za motokrosi. Bado kuna watu wengi wanaomiliki pikipiki hizi kwa miaka bila kuligeuza guu hata mara moja, wakidhani lilipofungwa na muuzaji ndipo linapopaswa kuwa.

Arusha kuna mzee mmoja ambaye waongoza watalii wa pikipiki, wale wanaokwenda Ziwa Natron na kurudi, humpelekea kazi hii. Siku moja alikuja kijana mrefu, mwembamba, na KTM yake. Alilalamika mgongo. Alikuwa ameagiza kutoka nje spesa za kunyanyua usukani, milimita 30, akazifunga mwenyewe, na mgongo ukazidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Buti zako za kuendeshea ziko wapi?"

Kijana alikuwa amevaa kandambili. Alisema buti ziko nyumbani.

"Kazilete. Mimi simpimi mtu mwenye kandambili."

Si ukali wa bure. Buti la enduro lina soli nene na linakaza kifundo cha mguu, kwa hiyo goti hukunjika tofauti na nyonga hukaa mahali tofauti. Ukimpima mtu akiwa na kandambili umempima mtu ambaye hatapanda pikipiki ile. Kijana aliporudi, vijana wawili wa gereji waliishika pikipiki iwe wima, magurudumu yote mawili chini, naye akasimama juu ya vikanyagio. Mzee alimwambia atazame geti, afumbe macho, aache mikono ining'inie, kisha aiinue na kukamata hewa mahali anapotamani usukani uwe. Mikono ikaenda mbele ya usukani, karibu upana wa kidole gumba. Haikwenda juu.

Mzee hakuwa akiitazama ile mikono sana. Alikuwa amesimama ubavuni, anaangalia shingo na kiwiko. Shingo ikijikunja nyuma ili macho yaone mbele, mgongo umeinama kupita kiasi. Kiwiko kikigusa mbavu, usukani uko karibu mno na tumbo, na mtu huyo hawezi kuhamisha uzito mbele gurudumu linapotaka kuteleza. Alichukua futi kamba, akapima kutoka kikanyagio hadi kishikio, akaandika kwenye daftari la shule lenye jalada lililolainika kwa mafuta. Kisha akamweleza kijana jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuandikwa kwenye kila boksi la spesa zinazouzwa duniani.

Shingo ya pikipiki haijasimama wima. Imelalia nyuma, upande wa mwendeshaji, na kwenye pikipiki nyingi za aina hii ulalo huo ni karibu digrii 26 au 27. Spesa ikikaa juu ya bamba hufuata ulalo wa shingo. Kwa hiyo anayeweka spesa ya milimita 30 hapati milimita 30 za kwenda juu. Anapata kama 27 za juu na 13 za kurudi nyuma, kumfuata tumboni. Kijana alitaka nafasi; akajipunguzia. Mwili mrefu ukabanwa kati ya kiti na usukani, mgongo ukapinda zaidi ili makalio yapate pa kwenda.

Na kinyume chake ni kweli pia, nacho ndicho kinachoonyesha ustadi. Ukiusogeza usukani mbele juu ya bamba hilohilo, hauendi mbele tu. Unapanda pia, kwa sababu bamba nalo limeinuka upande wa mbele. Milimita 15 za kwenda mbele zinaleta karibu 7 za kupanda. Mzee aliziondoa spesa za 30, akaamua kutengeneza nyingine ya 20, na maguu ya klampu akayahamisha kutoka nafasi ya pili hadi ya nne. Kwa kimo, usukani ulibaki karibu palepale alipoupandisha kijana, tofauti haifiki milimita 3. Kwa umbali, ulikwenda mbele milimita 18.

Wapo wanaopenda njia ya mkato: kulegeza bolti nne za kifuniko, kuuzungusha usukani mbele au nyuma, na kukaza. Nafasi ya vishikio inabadilika, ndiyo. Usukani wenye kimo cha milimita 90 ukiuzungusha digrii 5 unasogeza vishikio kama milimita 8. Lakini vishikio havikunyooka. Vimepinda kuelekea nyuma, na ukiuzungusha usukani unabadilisha pia upande vinakoelekea. Ukiulaza nyuma sana, ncha huangalia chini na viwiko huanguka. Ukiusukuma mbele sana, ncha huinuka na kifundo cha mkono hukunjika kuelekea juu. Mzungusho ni wa kumalizia, kwa ajili ya kifundo cha mkono. Umbali na kimo ni kazi ya klampu. Fundi anayechanganya mambo haya mawili atakupa usukani uliofika mahali pazuri ukiwa umekaa vibaya.

Matumizi nayo yana neno lake. Kwenye uwanja wa motokrosi, kama ule wa Jamhuri jijini Nairobi, mtu huketi kwenye kona, husimama kwenye miruko, na mbio zinakwisha kabla mgongo haujachoka. Pale usukani wa chini na mbele humsaidia kulikandamiza gurudumu la mbele. Kwenye njia ya mawe ya siku nzima, usukani huohuo ungemtesa. Lakini ukiunyanyua kupita kiasi, uzito unahamia nyuma na gurudumu la mbele linaanza kuelea kwenye kona za changarawe. Hakuna kipimo kinachoshinda pande zote, na nimewasikia mafundi wazuri wakikataa kazi kwa sababu mteja hakuweza kusema anaendesha wapi.

Sehemu ya kazi inayonifanya nisahau muda ni pale klampu inapotengenezwa kutoka kipande cha chuma.

Dada mmoja, afisa mifugo, alileta Honda ya kazini, kuukuu, ya zile zinazotumika vijijini kwa miaka mingi. Kwake shida ilikuwa kinyume cha ya kijana: mtu mfupi, usukani uko mbali, akisimama kwenye vikanyagio mikono inanyooka hadi viwiko vinajifunga, na kila jiwe linampiga begani. Pikipiki ile haina matundu mawili wala guu la kugeuza. Viti vya usukani vimeumbwa pamoja na bamba lenyewe. Hakuna pa kusogeza. Suluhisho ni kutengeneza vipande viwili ambavyo chini vina kigogo cha duara, unene uleule wa usukani wa zamani, milimita 22.2, kinachobanwa na viti vya asili. Na juu, nyuma kidogo, kila kimoja kina kiti kipya ambamo usukani wenyewe utakaa. Wauzaji wa nje wanazo klampu za namna hiyo. Mzee aliziona ghali kwa pikipiki ile, na zaidi ya hapo hazikuwa na kipimo cha yule dada.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa malighafi. Kijana wa gereji alileta alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye pistoni chakavu na kumiminwa kwenye kalibu. Mzee aliikata kwa msumeno, akaelekeza sura ya mkato kwenye mwanga, na vishimo vidogo vya hewa vikaonekana. Kwa sufuria inafaa. Kwa kitu kinachobeba mikono ya mtu kwenye mteremko, haifai. Alichukua chuma cha kawaida, kizito kuliko alumini, akasema gramu mia kadhaa hazijawahi kumwangusha mtu.

Kisha wakaenda mtaa wa Unga Limited kwa mkereza chuma. Hapa ndipo palipohitaji subira. Kila klampu ina guu na kifuniko, na tundu la usukani hupita katikati ya mshono wao. Ukikereza guu peke yake na kifuniko peke yake, haviwezi kukutana sawasawa. Kwa hiyo mkereza aliweka kibamba cha unene wa milimita 1 kati ya guu na kifuniko, akavikaza kwa bolti zake, halafu akavifunga vile vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vikiwa vimelaliana ubavu kwa ubavu kwenye choki ya taya nne. Alitafuta katikati kwa saa ya kupimia, anagusa taya moja, anazungusha kwa mkono, anatazama mshale, anagusa taya ya pili. Mshale ulikuwa unacheza, ukapungua, ukatulia. Ndipo akawasha mashine na kupitisha kisu katika vipande vyote viwili kwa pamoja, tundu moja lililonyooka. Nyuzi za chuma zilitoka nyembamba kama nywele, kwa sababu mwishoni alikuwa akila chuma kidogokidogo, anasimamisha, anapima kwa venia, anaendelea.

Kile kibamba cha milimita 1 ndicho siri ya klampu inayoshika. Kikitolewa, usukani unaingia, kifuniko kinashuka, na kati ya guu na kifuniko unabaki uwazi wa milimita 1. Uwazi huo ni nafasi ya kukazia. Klampu isiyo na uwazi inakutana chuma kwa chuma. Bolti inakaza, spana inasema tayari, na usukani ndani bado unaweza kuzunguka. Na kwa kuwa matundu mawili yalikerezwa kwa pamoja, usukani hauingii ukiwa umepindishwa. Usukani unaolazimishwa kwenye klampu zisizolingana hubaki na mkazo siku zote, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa, na hatimaye hupasuka palepale klampu inapouma.

Kwa spesa ya yule kijana wa KTM, mzee alikataa pia kutengeneza vigogo viwili vinavyojitegemea. Alikata kipande kimoja cha alumini ya kiwandani, kinachotoka kushoto hadi kulia, ili upande mmoja usiweze kujipinda bila mwingine. Kadiri usukani unavyonyanyuliwa ndivyo anguko linavyopata mkono mrefu wa kung'oa bolti. Bolti zikawa ndefu zaidi, na alizipima kabla ya kuzinunua: bolti ya milimita 10 kwenye alumini anataka iingie kwenye hesi angalau milimita 15. Zile za zamani, kwa spesa ya 20, zingeshika kwa duru chache tu na kumdanganya mwenye pikipiki kwamba zimekaza.

Kukaza kwenyewe kunachukua muda mfupi lakini hakuna mchezo. Kwenye KTM ile bolti za chini za milimita 10 hukazwa kwa Nyutoni-mita 40, zikiwa na tone la Loctite 243 kwenye hesi safi na kavu. Za juu, za milimita 8, ni Nyutoni-mita 20. Mzee huzikaza kwa kuvuka, kidogo huku, kidogo kule, akichungulia uwazi wa mbele na wa nyuma uwe sawa. Kwenye pikipiki nyingine kifuniko kina alama ya nukta inayotakiwa kuangalia mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza hadi mwisho. Huko uwazi wote hubaki nyuma, na ndivyo kiwanda kilivyokusudia. Anayejua utaratibu mmoja tu ataharibu pikipiki za aina ya pili akiamini anafanya vizuri.

Baada ya hapo pikipiki hupandishwa juu ya stendi, gurudumu la mbele likining'inia ili shokapu zinyooke kabisa. Usukani unageuzwa hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Mpira wa breki haupaswi kuvutika. Waya za umeme zisibanwe shingoni. Halafu injini inawashwa ikiwa kwenye mlio wa chini, na usukani unageuzwa tena polepole: mlio ukipanda, kebo ya akseleta imekuwa fupi kwa usukani mpya, na pikipiki hiyo ingejivuta yenyewe kwenye kona. Kwa yule dada, usukani uliorudi nyuma ulifanya kebo ziwe ndefu mno, zikajikunja karibu na taa. Mzee alizipitisha njia nyingine, nyuma ya bamba, akazitazama zikifuata mgeuko wote bila kusugua chochote. Ilichukua muda mrefu kuliko klampu zenyewe kufungwa.

Mikono ya klachi na breki hufungwa mwisho, nayo haikazwi sana. Chini ya vishikizo vyake mzee huzungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, kisha hukaza bolti hadi pale ambapo mkono haugeuki kwa kuuvuta kawaida, lakini ukipigwa chini unazunguka. Pikipiki ikianguka, na kwenye kazi hii itaanguka, ni afadhali mkono wa klachi uzunguke kuliko uvunjike kilomita 60 kutoka kijiji cha karibu. Spesa na klampu nazo amezifikiria hivyohivyo: angependa bolti ndiyo ipinde kabla bamba la shokapu halijapasuka, maana bolti inapatikana dukani na bamba huagizwa.

Kijana alipotaka kubadilisha pia mzungusho wa usukani siku ileile, na kushusha klachi, na kufunga vishikio vinene, mzee alikataa. Kitu kimoja kwa safari moja. Ukibadilisha vitu vinne na mgongo ukapona, hujui ni kipi kilichoponya. Ukizidi kuuma, hujui urudishe kipi. Alichora mstari wa rangi ya njano kutoka kila bolti hadi kwenye klampu, ili kulegea kokote kuonekane bila spana, akamwambia arudi akitoka Natron.

Aliporudi, mistari ilikuwa imenyooka. Mgongo ulikuwa mzima, ila kifundo cha mkono wa kushoto kilichoka kwenye mteremko mrefu. Klachi ikashushwa kidogo, hadi vidole, kifundo na kiwiko vikakaa mstari mmoja akiwa amesimama na buti zake. Vipimo vikaingia kwenye daftari: kikanyagio hadi kishikio, kishikio hadi ncha ya kiti, upana wa ncha kwa ncha. Vya dada wa mifugo vipo ukurasa uliotangulia. Akipewa pikipiki nyingine kazini, ya aina yoyote, mzee ataanza na vipimo vile kabla hajagusa bolti.